Jangwa la Fasihi Haliondolewi kwa Amri

Mwaka 1965, Taban lo Liyong, wakati huo akiwa masomoni Marekani, alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiuliza kama ukame wa fasihi wa Afrika Mashariki unaweza kurekebishwa. Tangu hapo picha ya jangwa imerudiwa mara nyingi madarasani. Tumeonelea yafaa kuyarejea makala hayo, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wetu watakwenda kufundisha Arua na Koboko, si mbali na Kajo Keji alikozaliwa mwandishi huyo.

Tuanze na sifa. Taban hakuishia kulalamika. Kati ya 1969 na 1971 alitoa vitabu visivyopungua 4. Mtu anaweza kukataa maoni yake, lakini hawezi kusema kwamba aliliacha swali lake bila kulitolea jasho.

Kasoro yake ni kipimo. Jangwa aliloliona lilipimwa kwa maandishi ya Kiingereza. Alipokuwa akiandika, Shaaban Robert alikuwa amefariki miaka 3 nyuma, akiwa ameacha mashairi, insha, hadithi na wasifu. Naye Muhammed Said Abdulla alikuwa tayari ametoa Mzimu wa Watu wa Kale. Shamba lilikuwapo, mtazamaji alikuwa ameelekea upande mwingine.

Je, shamba hilo lilistawi vipi? Sisi tunaamini kuwa kipaji peke yake hakitoshi kuwa jibu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na si yote yaliyomo humo yalikuwa ya kujivunia. Lakini lilitoka kila mwezi, likapokea barua na mashairi ya wasomaji. Mtunzi alijua kwamba mwezi ujao kuna ukurasa unaomngoja na wasomaji watakaomjibu. Shaaban Robert mwenyewe, aliyekuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi yake ya kila siku, ni miongoni mwa waliochapisha mashairi humo.

Sasa tuitazame West Nile. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Tangu 2020 mtaala mpya umekiweka kuwa somo la lazima katika kidato cha 1 na cha 2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Matamko hayo yana uzito wake. Hata hivyo, amri huweza kumweka mwanafunzi darasani, haiwezi kumpa jambo la kusoma Jumamosi. Mwanafunzi akimaliza miaka 2 bila kumwona mtu wa mjini kwake akiandika kwa Kiswahili, ataiona lugha hii kuwa ya mtihani tu, au ya kambi za askari kama wazee wengi walivyoijua, na ataiacha hapo hapo.

Wapo watakaotuambia kwamba Kiswahili cha Arua na Koboko kimechanganyika na Kinubi na Kilingala, kwa hiyo watu wasubiri kwanza kukisanifisha. Hoja hii tunaipinga. Mwenye kungoja lugha yake isafike ndipo aandike hataandika kamwe, kwani kuandika ndiko kunakoisafisha. Wengine watasema hakuna wachapaji. Ni kweli, lakini kuchapisha maana yake ni kutoa hadharani, na ukuta wa shule ni hadhara.

Pendekezo letu ni dogo. Kila mwalimu ajiwekee siku moja ya juma ya kuandika ukurasa mmoja: bei za sokoni Arua, safari ya malori ya Oraba, kilimo cha tumbaku, methali ya Kilugbara na maana yake. Kila mwezi kurasa bora, za mwalimu na za wanafunzi, zibandikwe katika gazeti la ukutani lenye tarehe juu yake, ili mwezi ukirukwa kila mtu aone. Mwalimu atangulie. Haifai kumdai mwanafunzi insha kila juma ilhali yeye mwenyewe hajaandika tangu alipohitimu.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kwa juma ni kurasa 52 kwa mwaka, na hizo zatosha kuwa kijitabu. Walimu 10 wa Arua na Koboko wakidumu hivyo kwa miaka 3, atakayeuliza tena habari za jangwa atakuwa na la kusoma kwanza kabla hajajibiwa.