Sifa ya Kirangozi

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, aliyetangulia na bendera nyekundu mkononi alikuwa kirangozi, mtu ambaye tajiri mwenyewe, kwa fahari yake yote, hakuwa na budi kuzifuata nyayo zake. Mvumbuzi Stanley naye, alipopita Simbamwenni mwaka 1871, karibu na ulipo mji wa Morogoro hii leo, alikuwa na kirangozi wake.

Siku hizi mtu huyo twamwita mwongozaji, na wengi hudhani hana kazi tena. Aghalabu msafiri akishaipita Morningside, ile nyumba kuukuu ya Wajerumani, huingia msituni kuelekea kilele cha Bondwa, katika milima ya Uluguru, na njia yake mfukoni, ndani ya simu, na kileleni huikuta minara ya mawasiliano imesimama ukunguni, ikimletea habari za alikotoka kabla hajashusha pumzi.

Nami nilikuwa hivyo. Siku moja simu yangu iliponiambia tumebakiza mita 300, kijana wa Kiluguru aliyenitangulia alisimama penye mteremko, akachota udongo, akaufinya kwa vidole viwili mpaka ukachuruzika maji. "Mzee, hapa tuzunguke," akasema, asiongeze neno. Tulizunguka saa nzima, nikinung'unika kimoyomoyo. Na alasiri tulipokuwa tukirejea, ile njia iliyonyooka kwenye simu ilikuwa imeporomokea bondeni, mawe na vichaka vyote. Ramani yangu iliijua njia ya siku ilipochorwa. Yeye aliijua ya asubuhi ile.

Fauka ya hayo, ana sikio. Yuko ndege mwenye utosi mweusi, asiyepatikana popote duniani ila Uluguru, akaaye juu kabisa ya miti, ambaye husikika zaidi kuliko kuonekana. Kijana yule alinyanyua kidole katikati ya sentensi yangu, nikanyamaza, nikamsikia.

Wapo wasemao kwamba simu imetuondolea utamu wa kupotea. Sikubaliani nao, kwani aliyepata kulala msituni na baridi ya Uluguru hautamani utamu huo. Tulichopungukiwa ni ile hali ya kumwamini mtu ambaye jana hukumjua. Wala sina ugomvi na simu: kijana yule huitwa kazini kwa simu, na ujira wake huupokea humo humo.

Linaloniudhi ni kwamba msafiri anunuaye simu ya thamani bila kuuliza mara mbili, humkatia bei kirangozi. Basi ukija Morogoro, mtafute, na haki yake umpe kamili.