Shilingi Kati ya Mbao

Mbao zilikaa wiki tatu katika chumba kile kama wageni waliofika kabla ya siku yao. Zilipangwa juu ya vijiti, safu juu ya safu, kila moja ikipata hewa juu na chini, na fundi hakuzigusa kwa nyundo. Alikuja asubuhi, akavua makubadhi mlangoni, akainua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, akaurudisha mahali pake. Kisha akaenda zake. Dada yangu, mwenye nyumba hiyo ya Mshomoroni, alikuwa ameshalipa nusu ya ujira. Alivumilia siku kumi. Ya kumi na moja akashindwa.

"Fundi, mbao zimefika siku zote hizi. Kazi itaanza lini?"

"Kazi yaendelea, mama. Mbao zaizoea nyumba."

Mimi sikuwa na haraka naye. Nilikuwa nimeona kilichompata shangazi kule Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Aliletewa mbao nzuri za kung'aa kutoka bara, zikapigiliwa siku ileile ziliyoteremshwa kwenye lori. Mwezi wa tano masika yakashika. Asubuhi moja sakafu ilikuwa imefutuka katikati kama nundu ya ngamia, na mlango wa chumba haukufunguka tena. Shangazi aling'oa zote, akaweka tailsi, na zile mbao zikawa banda la kuku. Tangu hapo kwetu ikasemwa kwamba pwani si mahali pa sakafu ya mbao. Niliisadiki kauli hiyo kwa miaka mingi, mpaka nilipomwona mzee huyu akigonga mbao na kusikiliza.

Mti ukishakatwa huacha kukua, lakini hauachi kunywa. Mbao iliyokaushwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ikishuka huku kwetu hukuta hewa nzito yenye unyevu wa bahari, nayo huivuta taratibu. Ikinywa, hupanuka kwa upana; urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabu. Na upana ndio wenye hatari. Chumba cha dada ni futi 12 kwa 10. Mbao za upana wa inchi 4 zikilala kwa kufuata urefu wa chumba, zinahitajika 30 kutoka ukuta hadi ukuta. Kila moja ikipanuka nusu milimita tu, kiasi ambacho jicho halikioni, zote pamoja zimeshatafuta nafasi ya milimita 15. Zisipoipata pembeni zitaitafuta juu. Ndiyo nundu ya Mtongwe.

Kwa hiyo fundi aliuliza jambo ambalo sikutarajia seremala aulize: upepo. Alitaka kuanza mwishoni mwa kaskazi, wakati hewa ni kavu kuliko miezi mingine na mbao zimenywea. Anayepiga sakafu wakati wa masika, alinieleza, na abane mbao sawasawa, maana zimeshavimba na kiangazi zitaachana zenyewe. Anayepiga wakati wa kaskazi aziachie pumzi, maana zitavimba tu. Kosa ni kuzipiga namna moja mwaka mzima. Nahodha wa jahazi angeyaelewa maneno haya bila kufafanuliwa, na sishangai, kwa kuwa sakafu ya mbao ya kale zaidi pwani hii ni sitaha ya chombo. Nyumba za mawe za wazee wetu ziliwekwa boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa iliyotwangwa. Neno sakafu lenyewe linatokana na lile ambalo kwa Kiarabu ni paa, kwa sababu paa la aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Sasa gharama, ambayo ndiyo watu huiulizia kwanza. Mbao huuzwa kwa futi, na hesabu ya chumba kile ni nyepesi: mbao 30 za futi 12 ni futi 360. Ongeza moja katika kila kumi kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa na vyenye kasoro, unafika karibu futi 400. Mtu ataizidisha hiyo kwa bei ya siku atakayokwenda yadi. Halafu kuna kuranda na kutoa ulimi na mfereji mashineni, kuna vipande vya 2 kwa 2 vya kupigilia, karatasi ya nailoni, misumari, mafuta, na mkono wa fundi. Tailsi zitakuwa rahisi zaidi, na sitamdanganya mtu. Lakini mbao ngumu ya unene wa kutosha hupigwa msasa upya ikichakaa, ikawa mpya, na hilo laweza kufanywa zaidi ya mara moja katika umri wa mwenye nyumba. Kwa maoni yangu ni ya chumba cha kulala au sebule, si ya jikoni wala bafuni, na si lazima iwe nyumba nzima.

Dada alichagua mvule. Mvule mwingi unaouzwa Kenya siku hizi hutoka Kongo, ukasafiri kwa lori kupitia Uganda, kwa hiyo kabla haujapandishwa Mshomoroni umeshabeba gharama ya safari ndefu. Una vituko vyake. Ndani yake hujifanyiza chokaa ngumu kama jiwe, na msumeno ukiigusa meno yanakwisha. Vumbi lake huwasha pua, ndiyo maana fundi alifunga kitambaa usoni. Ukirandwa huwa wa njano, kisha mwanga unaukoleza kidogokidogo mpaka rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukitandika zulia mahali pamoja, chini yake patabaki njano.

Nilimwuliza fundi kama mti wa kwetu haufai. Akanijibu kuhusu mnazi, mti ambao Kisauni hukatwa kila kiwanja kinapojengwa. Mnazi mzee ni mgumu sana kando, karibu na gome, na katikati ni laini kama kifutio. Asiyejua hupasua wote na kuuza wote. Fundi alichukua kipande, akakikandamiza ukucha: upande mmoja ukaacha alama, wa pili ukakataa. "Huu wa pili nipe," alisema, "huo mwingine peleka jikoni."

Kisha akatoa mfukoni mwa begi lake kibao kidogo cheusicheusi, kisichozidi kiganja, kilichong'olewa kwenye sakafu ya nyumba ya zamani. Akakipitisha randa mara moja na kuninyoshea unyoya wa mbao. Kilinukia kama msandali. Ni muhugu. Wauza mbao wa Ulaya waliujua sana mti huu, na waliuagiza kwa sakafu za mahali panapokanyagwa na watu wengi, kwa vile hauchakai upesi na mchwa hawaupendi. Shina lake ni fupi na limepinda, hautoi mbao ndefu. Vibao vifupi ndivyo vinavyoufaa. Muhugu huohuo ndio waliouchonga kwa miongo mingi wachongaji wa ushirika wa Akamba pale Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, tangu ulipoanzishwa 1963. Ulipoadimika misituni, wachongaji wengi, kuanzia miaka ya 1990, waligeukia mwarobaini, ambao huota upesi karibu kila ua wa pwani. Fundi anasema sakafu ya muhugu hataipiga tena maishani. Kibao kile anakihifadhi kama mtu anavyohifadhi picha ya marehemu.

Kabla ya ubao wa kwanza kulala, bado kulikuwa na saruji. Alikata kipande cha nailoni cha mraba, akakigandisha sakafuni kwa utepe pande zote nne, akakiacha siku mbili. Alipokibandua tulipiga magoti wote watatu. Hakukuwa na tone hata moja la jasho upande wa chini. Lingekuwapo, alisema, angefunga begi arudi mwezi ujao, maana maji ya ardhini hupanda ndani ya saruji polepole na mbao ndiyo ya kwanza kuyapokea. Hata hivyo alitandaza nailoni chumba kizima kabla ya kufunga vipande vya 2 kwa 2.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne. Alianza ukutani, akaacha nafasi ya upana wa kidole ambayo baadaye ilifichwa na ubao wa pembeni. Msumari aliupenyeza kwa mshazari kupitia ulimi, ili ubao unaofuata uufunike na kichwa chake kisionekane. Alipigilia kwa nyundo ndogo. Pigo la mwisho alilipiga juu ya msumari butu, chuma kisiguse mbao. Kila baada ya mbao tano alisimama, akatoa shilingi moja, akaichomeka wima kati ya ubao na ubao, akabana, akapigilia, akaichomoa. Ilibaki nafasi ya karibu milimita 2. Chini yake ulimi uliziba, hivyo taka hazikuweza kupita. Mara tano alifanya hivyo, na kila mara aliifuta ile shilingi kwenye shati kabla ya kuirudisha mfukoni.

Hakupaka vanishi. Alipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, akafuta, akangoja, akapaka tena. Vanishi hukaa juu na ikipasuka maji huingia chini yake; mafuta huingia ndani. Mafundi wa majahazi hupaka vyombo vyao sifa, yaani mafuta ya papa, kwa sababu hiyohiyo.

Siku ya kukabidhi alimpa dada sharti moja: sakafu hii haipigwi deki kwa ndoo. Kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, basi. Neno deki lilitoka melini, kwenye sitaha za mbao, ambazo mabaharia walizimwagia maji kwa makusudi ili zivimbe na zisivuje. Nyumbani uvimbe huo ndio tunaoukimbia. Sharti jingine hakuwa na haja ya kulitoa, kwani kwetu viatu vinabaki mlangoni, na mchanga unaobaki navyo ndio msasa ambao ungekula mbao kila siku.

Nilirudi Mshomoroni mwezi wa sita, baada ya wiki za mvua isiyokatika. Nilitembea bila viatu kutoka ukuta hadi ukuta na hakuna ubao uliolia. Nikapiga magoti pale kati ya ubao wa tano na wa sita, nikatoa shilingi, nikajaribu kuipenyeza. Haikuingia.