"Nitakufa" ya Kwenye Wimbo Huambiwa Nani?

Msimu wa korosho ukishaingiza pesa, harusi hufuatana Naipingo na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa. Usiku kucha spika hutoa habari za waliokonda, wasiolala, walio tayari kufa kwa ajili ya mpenzi. Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa chumvi tu, na wapo vijana wanaoyashika kama kiapo. Wote wameruka ufundi uliomo.

Anza na sharti. Anayeimba "nikikukosa nitakufa" hajatangaza kifo. Amekifunga kwenye kukosa, na ufunguo amemkabidhi anayeambiwa. Hilo ni ombi, tena ombi lenye shinikizo.

Wimbo "Malaika", aliourekodi Fadhili William Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, nao umejengwa juu ya sharti, lile la -nge-: kijana angeoa, ila mali hana. Kinachomtesa kiko nje yake, ndiyo maana analia bila kujiangamiza. Miriam Makeba alipouimba, aliyaacha maneno ya mwanamume anayetaka kuoa kama yalivyo. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kwamba "mimi" wa wimbo ni nafasi, na yeyote anaweza kuikalia.

Kuna pia suala la nani anaambiwa. "Kamwambie", wimbo uliomtoa Diamond Platnumz, unamtuma mtu wa tatu. Jina la wimbo tu linatosha kuonyesha kwamba wapenzi hawasemezani tena. Uchungu unakua kwa sababu ujumbe una safari ya kwenda, na huenda usifike.

Taarab ndiyo inayoonyesha nafasi ya "mimi" ikikaliwa mbele ya macho ya watu. Mwanamke anainuka, anacheza taratibu hadi jukwaani, noti ameibana kwa vidole viwili juu ya kichwa. Hatuzi sauti peke yake. Anautwaa mstari unaoimbwa uwe wake, na jicho lake linamwonyesha aliyekusudiwa amekaa wapi. Maneno ya kufa na kuungua yanageuka hoja ya mtu aliye hai kabisa, anayedai haki yake hadharani.

Kinachonitia hofu ni wimbo usio na sharti: nipige, nitukane, nisimange, siondoki. Humo hakuna "kama" wala "ila". Kuna amri tupu ambazo mpenzi anajitolea mwenyewe, na kipigo kinaimbwa kwa sauti ileile tamu ya kubembeleza. Gitaa likiwa zuri, sikio hukubali kabla akili haijauliza. Hapo ndipo mapenzi ya kujiangamiza yalipo, hata kama neno kifo halikutajwa.

Ukiwa harusini mstari wa namna hiyo ukapita, tazama nani anauinukia. Akiwa ni mwenye kutuza bila kumwelekezea mtu jicho, mwache amalize, kisha kavute kiti ukae naye mzungumze.