Kupima Kitabu cha Mwalimu

Wasomaji wengi hukihukumu kitabu kwa jina lililo juu ya jalada. Wampendao mwandishi husifu kila neno. Wasiompenda hulikataa kabla ya kulisoma. Desturi hii yadhuru hasa tusomapo habari za katiba, maana humo yamo mambo ya watoto wetu.

Hapa Buguruni, ambako Chama cha Wananchi (CUF) kina ofisi yake kuu, maneno ya serikali mbili na serikali tatu si mageni. Basi yafaa tukipime kitabu cha Mwalimu Julius Nyerere, “Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania,” alichokiandika baada ya wabunge 55, mwaka 1993, kutaka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano.

Wamarekani walipobishania katiba yao, iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliitetea kwa makala 85 chini ya jina moja la kubuni, Publius. Wapinzani nao walijificha vivyo hivyo. Mmoja alijiita Brutus. Msomaji wa magazeti ya New York aliwekewa hoja mbele yake, si sifa ya mtu. Nasi na tukisome kitabu cha Mwalimu kana kwamba jalada lake limebanduka.

Hoja yake kubwa ni hii. Nchi mbili zikiungana, ama huwa nchi moja yenye serikali moja, ama hufanya shirikisho lenye serikali tatu. Mwaka 1964 Zanzibar ilikuwa na watu wapatao laki tatu, na Tanganyika iliizidi mara nyingi. Serikali moja ingeonekana kuwa Tanganyika imeimeza Zanzibar. Serikali tatu zingeitwika Tanganyika gharama ya serikali yake, pamoja na sehemu kubwa ya gharama ya shirikisho. Kwa hiyo zikachaguliwa mbili.

Je, hoja hii yasimama? Hofu ya kumezwa Wamarekani waliitibu kwa dawa nyingine: kila jimbo, dogo kwa kubwa, lilipewa maseneta 2, na baraza la pili likafuata hesabu ya watu. Basi udogo peke yake haukatazi shirikisho. Lakini majimbo yao yalikuwa 13, yakagawana mzigo. Penye wawili, mmoja akiwa mkubwa mno, mzigo humwelemea huyo. Hapa Mwalimu ana nguvu, na atakaye serikali tatu hana budi kumjibu kwa hesabu, si kwa kelele.

Twaona udhaifu mahali pengine. Kitabu chamlaumu sana Waziri Mkuu wa wakati ule, John Malecela, na Katibu Mkuu wa CCM, Horace Kolimba. Lawama hiyo ina haki yake, maana sera ya chama haifai kugeuzwa bila kuwauliza wanachama. Walakini kosa la kiongozi halithibitishi ubaya wa serikali tatu. Hayo ni mashauri mawili, na kila moja lataka ushahidi wake.

Tena kitabu hiki kisisomwe peke yake. Hati za Muungano za 1964 zilitaja mambo 11 ya Muungano. Orodha iliyo katika Katiba ya 1977 imefika 22. Mzanzibari aonaye orodha ikirefuka haulizi gharama, auliza mipaka. Na swali la mipaka halijibiwi kwa hesabu ya fedha. Ndiyo maana shauri lilirudi. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu mwaka 2013. Bunge Maalum likarudisha mbili mwaka 2014, CUF na wenzao wakiwa wamekwisha kutoka. Na kura ya maoni iliyokusudiwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Asiseme mtu kwamba kumpima Mwalimu ni kumvunjia heshima. Watu wa Beroya walimpima hata Mtume Paulo, wakafungua Maandiko waone kama asemayo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo. Siku wananchi watakapoitwa kupiga kura juu ya katiba, jina la mtu halitawasaidia. Itawasaidia hoja waliyokwisha kuipima wenyewe.