Mashua Zilizopanda Gari la Moshi

Mwezi wa Machi 1913, mara tu baada ya Pasaka, mvua zisizokatika ziliifurisha mito ya jimbo la Indiana, katika Marekani, hata mji wa Logansport, ulioketi pale wakutanapo mto Wabash na mto Eel, ukaingiliwa na maji, na wakazi wake wengi wakapanda ghorofani kungoja nusura. Nusura hiyo haikutoka bandarini, maana bahari iko mbali mno na nchi ile. Ilitoka katika skuli ya bweni ya wavulana, iliyo kando ya ziwa, zaidi ya maili 30 upande wa kaskazini. Wanafunzi wa Skuli ya Kijeshi ya Culver walizipakia mashua zao juu ya mabehewa ya gari la moshi, wakateremka nazo Logansport, wakazishusha majini katika njia za mji, na hata walipomaliza kazi walikuwa wamewaokoa watu wapatao 1,400.

Wengi wakikumbuka jambo lile huusifu ushujaa wa vijana wale, nami siwapingi, kwani walistahiki sifa. Lakini ushujaa peke yake hauvuti kasia, na atakaye kujua hasa jambo lenyewe lilifanyikaje, na autazame kwanza mwambao ambapo skuli ile ilijengwa, na ziwa lililokuwa mbele ya madirisha ya mabweni yake. Maana nadhani kazi ya siku zile za gharika ilikwisha kufanywa nusu yake miaka kadhaa kabla, wakati wa hari, katika maji matulivu.

Ziwa hilo laitwa Maxinkuckee. Lilichimbwa na barafu kuu zilizoifunika nchi ile zama za kale, na zilipoyeyuka zikaliachia shimo lake maji safi, yenye kina cha futi 80 na zaidi mahali pa ndani kabisa, na eneo la zaidi ya eka 1,800. Kipimo hicho chafaa kutazamwa na mtu aliyewahi kufunza watoto chombo. Bahari ni mwalimu mkali, humwadhibu mwanafunzi kabla hajajua kosa lake. Na kidimbwi hakifunzi kitu, kwa kuwa hakina wimbi. Maxinkuckee liko baina ya hayo mawili: ni pana kiasi cha upepo kuamsha mawimbi yatakayomlazimisha kijana kuigeuza omo ielekee wimbi, lakini si pana hata mwalimu asiweze kuiona kila mashua akiwa ufukweni. Mji uliopo hapo ulikuwa mdogo, ukiitwa Marmont kabla haujachukua jina la skuli, na mvulana aliyetoka darasani hakuwa na soko kubwa wala pumbao la mjini la kumvuta. Alikuwa na ziwa, na uwanja wa gwaride, na zizi la farasi.

Nisingekuwa mwadilifu kama ningeisifu nchi ile nisiwataje wenyewe. Jina la Maxinkuckee limetokana na lugha ya Wapotawatomi, ambao maskani yao yalikuwa katika maziwa hayo mpaka Septemba 1838, walipokusanywa kwa nguvu za silaha katika kijiji cha mzee wao Menominee, kaskazini kidogo ya hapo, wakaswagwa kwa miguu, watu 859, mpaka Kansas. Zaidi ya 40 walikufa njiani, wengi wao watoto wadogo, na miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo ni Logansport. Kwa hiyo safari ya kutoka maziwani kushukia mji ule ilikwisha kufanywa na askari miaka 75 kabla ya gharika, nao hawakwenda kuokoa mtu.

Aliyeiasisi skuli, Henry Harrison Culver, alikuwa tajiri wa St. Louis aliyepata mali kwa majiko ya chuma, akaja ziwani kupumzika kwa ajili ya afya yake, katika wilaya aliyotoka mkewe. Alifungua skuli mwaka 1894. Mwaka uliofuata jumba lake likateketea kwa moto, akajenga upya. Mwaka 1896 skuli nyingine ya kijeshi, iliyokuwa Missouri, nayo ikaungua, na mkuu wake Alexander Fleet akahamia Culver pamoja na wanafunzi wake. Hivyo moto ulioziharibu skuli mbili ndio ulioipa moja watu na uzoefu.

Lakini aliyeliingiza ziwa katika masomo ni Leigh Gignilliat, aliyekuja kuwa mkuu wa skuli. Mwaka 1902 ilianzishwa hapo skuli ya wanamaji ya msimu wa hari, zikaletwa mashua za makasia, za namna ya zile zitumiwazo na manowari. Mashua ya namna hii ni nzito, nayo haivutwi na mtu mmoja hodari, bali na safu ya watu waketio wawili wawili, na mmoja tezi ameshika usukani na kutoa amri. Kijana hujifunza kwanza kutulia, kisha kuutia upanga wa kasia majini pamoja na wenzake, wala si kabla wala si baada. Kisha hujifunza lililo gumu zaidi, nalo ni kuzuia: upande mmoja kuyakaza makasia majini na upande wa pili kuvuta, mashua igeuke papo hapo ilipo. Ziwani amri hiyo huonekana kama mchezo wa kuwaonyesha wageni.

Sasa na tuitazame njia ya mji iliyofurika. Maji yapitayo baina ya nyumba hayaendi sawasawa. Hubanwa, yakashika kasi, yakajipinda penye pembe, yakachukua mbao na magogo. Mashua nyepesi ya mvuvi hupinduliwa, na hata ikisalimika haichukui jamaa nzima pamoja na wazee wao. Mashua nzito hubeba watu wengi, na uzito wake huishika isiyumbishwe. Lakini hapo patakikana kuisimamisha chini ya dirisha, mkondo ukiisukuma, mpaka mama amkabidhi mtoto wake na kushuka mwenyewe. Kinachoisimamisha ni ile amri ya kuzuia. Naamini kwamba hakuna zoezi lingine la kijeshi, si la bunduki wala la farasi weusi walioipatia skuli jina, lililowafaa siku hizo kuliko hilo.

Na mashua zisingefika lau si reli. Njia ya reli ya Vandalia ilipita Culver ikaendelea kusini mpaka Logansport. Njia hiyo hiyo iliyowaleta wanafunzi ndiyo iliyozichukua mashua. Gignilliat, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa skuli, alikwenda mwenyewe pamoja na vijana.

Watu wa Logansport hawakusahau. Baada ya maji kupungua na nyumba kusafishwa tope, waliizawadia skuli lango, nalo lingali pale ziwani, na huitwa kwa jina la mji wao.