Mizani Kumi na Saba

Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole: nane za ukwapi, nane za utao, mshororo umetimia. Nilipokutana na haiku nikaihesabu vivyo hivyo. Tano, saba, tano. Shairi zima la Wajapani lina mizani 17, moja tu zaidi ya mshororo wetu mmoja!

Nimeupenda ufundi huu tangu hapo, na naamini Kiswahili kiliumbwa kuupokea. Silabi zetu huishia kwa irabu kama zao. Hata ile m ya "mtu", isimamayo peke yake na kuhesabiwa mizani kamili, ina ndugu huko Japani: n yao isiyo na irabu nayo huhesabiwa.

Ugumu uko kwenye kunyamaza. Sisi tuliolelewa na vina, na kitabu cha Amri Abedi cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, tumezoea shairi linaloasa, linalojibizana, linalofunga kwa kituo. Haiku haina kina. Huweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, hukata, basi. Mshairi Bashō alitembea kaskazini mwa Japani kwa miezi mitano mwaka 1689, na safari yote hiyo akaibanza katika nathari fupi na vishairi vya pumzi moja.

Kisha kuna neno la majira, kigo. Wao wana theluji na maua ya mcheri. Nasi tuna Kenya Saijiki, hazina ya maneno ya majira ya kwetu. Hapa Kimumu mimi huyaokota kando ya barabara ya Iten: mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai mwezi Novemba, kumbikumbi kwenye taa ya duka, na Machi, shamba limekwisha kulimwa, kila mtu akitazama mawingu. Machi moja niliandika:

Vumbi la Machi –
ndoo mchirizini
hazina tone.

Ilinichukua wiki mbili. Mwanzoni nilikuwa nimetia "twangoja mvua", nikafuta, maana ndoo zilikwisha kusema. Kufuta huko kulinifunza utunzi kuliko beti nyingi nilizowahi kupanga vina.

Mvua ilikuja usiku. Nikiwa kitandani nilisikia tone la kwanza likigonga ndoo tupu, na kidole gumba kikaanza kuhesabu.