Kufiwa na Kujiwa: Ushahidi wa Wafiwa na Kazi ya Mhakiki wa Kiswahili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, wanapokutana na marehemu anayewarudia walio hai, aghalabu hushika moja kati ya njia mbili. Wengine humtia katika fungu la ushirikina, yaani imani za kale ambazo mwandishi huzitumia ama kwa kuzikejeli ama kwa kuipamba hadithi yake. Wengine humfanya ishara tu: marehemu ni dhamiri, au ni historia, au ni taifa lililosalitiwa. Njia zote mbili zina manufaa yake, lakini zote huruka jambo lililo wazi kwa kila aliyewahi kukaa matangani. Wafiwa husimulia. Mjane husema kwamba mumewe alimjia alfajiri. Mwana husema amesikia harufu ya udi wa mamake katika chumba ambamo hamkufukizwa udi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba masimulizi ya namna hii yana sarufi yake na kanuni zake, kwamba fasihi andishi iliyo bora juu ya wafu imesimama juu ya kanuni hizo, na kwamba uhakiki usiozijua hukosa kipimo cha kuhukumia.

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kitenzi ‘kuona’ hutumika katika masimulizi haya, lakini vitenzi vilivyozoeleka zaidi ni ‘kujiwa’ na ‘kutokewa’: fulani alijiwa na marehemu babake, fulani alitokewa na nyanyake. Hivi ni vitenzi vya kauli ya kutendewa. Kutoka ‘kuja’ hupatikana ‘kujia’, na kutoka ‘kujia’ hupatikana ‘kujiwa’. Mfiwa ndiye kiima cha sentensi, lakini siye mtenda. Mtenda ni marehemu. Sasa na tutazamwe muundo wa kitenzi kinachotaja msiba wenyewe: ‘kufa’, ‘kufia’, ‘kufiwa’. Umbo ni lilelile. Mtu mmoja hufa, na kifo chake huwafikia wengine kama tendo walilotendewa. Hivyo kufiwa na kujiwa ni ndugu wa tumbo moja katika sarufi ya Kiswahili, na msimulizi anayesema kwamba alijiwa hadai kwamba alikwenda kutafuta ajabu. Anadai kwamba jambo limemfika, kama vile msiba ulivyomfika.

Kitenzi cha pili kinachostahili kuangaliwa ni ‘kusikia’. Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia baridi, husikia uchungu, husikia njaa. Kitenzi kimoja kinakusanya mambo yatokayo nje ya mwili na mambo yazaliwayo ndani yake, wala hakimlazimishi msemaji kuyatenga. Mwana asemaye ‘nilimsikia mama’ hajaeleza kama ni sikio lake au ni moyo wake uliosikia, na msikilizaji wa kwao hamtaki aeleze. Mhakiki anayetaka kujua kwanza kama tukio lilikuwa la kweli au la kuwazia tu anamsukuma msimulizi afanye uchaguzi ambao lugha yake haikumdai. Si kwamba mhakiki analazimika kusadiki. Huzuni hudanganya, na ndoto hubaki kuwa ndoto. Hata hivyo, swali la kusadiki si swali la kwanza la fasihi.

Jambo la tatu ni tofauti baina ya marehemu na mzimu. Neno ‘marehemu’, lenye asili ya Kiarabu na maana ya aliyerehemiwa, huchukua upatanisho wa kiumbe hai: marehemu amekuja, marehemu amesema. Tena hutangulia jina au neno la ukoo: marehemu baba, marehemu shangazi. Neno ‘mzimu’ kwa kawaida limo katika ngeli ya mti na mto, na hutaja pia mahali panapotolewa sadaka. Marehemu ni mtu wa mtu; mzimu hauna jamaa maalumu. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, ‘sasa’ na ‘zamani’, akaeleza kwamba aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wako watu wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba akisahauliwa na wa mwisho wao huzama katika Zamani. Nadharia hiyo imepingwa katika mambo mengi, hasa juu ya wakati ujao. Lakini hapa inafaa, ila kwa nyongeza moja: katika Kiswahili kinachomweka marehemu karibu si jina peke yake, bali ni neno la ukoo analoitwa kwalo.

Kwa kanuni hizi na zisomwe kazi tatu. Ya kwanza ni shairi la Shaaban Robert (1909–1962) la kumlilia mkewe Amina, lililomo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Shairi hili husifiwa kwa upole wa mapenzi yake, lakini nguvu yake ya kisarufi haijaangaliwa ipasavyo. Mshairi hasimulii habari za Amina kwa wasomaji. Anasema na Amina, kwa nafsi ya pili, na kumweleza habari za kuondoka kwake kana kwamba yeye ndiye anayestahili kuzisikia kwanza. Hadai kwamba Amina alimtokea, wala hadai jibu. Anamwombea, na anashikilia kwamba fungo la mapenzi yao halina wa kulifungua. Shairi lingalipoteza uzito wake lau angalitiwa mzuka mlangoni. Kwa kumwita tu, mshairi amemweka marehemu katika Sasa ya lugha, na kila asomaye shairi hilo kwa sauti humwita tena.

Kazi ya pili yaelekea upande mwingine kabisa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla, hofu ya mzimu inasimama mbele ya mauaji, na Bwana Msa anaipasua kwa akili yake. Kitabu hiki kimesomwa kama ushindi wa mantiki juu ya ushirikina, na kusomwa hivyo si kosa. Lakini yafaa kuuliza ni kwa nini ushindi huo haumwumizi msomaji. Sababu ni kwamba mzimu wa hadithi hii ni mahali, na hao watu wa kale hawana majina, wala hapana mhusika anayewaita baba au mama. Akili ya Bwana Msa inaushambulia mzimu. Haimgusi marehemu wa mtu. Lau mpelelezi huyo angaliingia nyumbani kwa mjane na kumthibitishia kwamba hakusikia alichosikia, riwaya ingaligeuka ukatili.

Kazi ya tatu ni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Hapa aliyekufa anarudi kwa mjukuu wake, K, mkubwa mwenye cheo na mali. Wahakiki wamekwisha kueleza vya kutosha kwamba riwaya hii inawashutumu watawala waliosaliti uhuru. Kinachosalia kusemwa ni kwamba shutuma hiyo inaingia kwa mlango wa ukoo. Mhusika mkuu ana herufi moja tu mahali pa jina, na mgeni wake hana jina ila ‘Babu’. K anaweza kuwakataa wapinzani, magazeti na raia. Hawezi kumkataa babu, kwa kuwa kumkataa ni kujikana mwenyewe. K amejiwa, na aliyejiwa hudaiwa. Riwaya ina nguvu zaidi pale Babu anaposema kama mzee wa nyumba, na hulegea kila anapokaribia kuwa msemaji wa hoja za siasa ambazo mwingine yeyote angaliweza kuzisema.

Wazo la deni halikubuniwa na waandishi wa riwaya. Kwa Wagiriama, kigango, yaani nguzo ya mti iliyochongwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu, aghalabu husimamishwa baada ya marehemu kumjia jamaa yake ndotoni na kulalamika. Ndoto husimuliwa, wazee huisikiliza, na kazi ya kuchonga hufuata. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng’ambo kama sanaa. Mwaka 2007 vigango 2 vilirudishwa Kenya kutoka majumba ya makumbusho ya Marekani. Walionunua nguzo hizo walikichukua kitu na kuyaacha masimulizi yaliyokizaa. Mhakiki anayehifadhi ishara ya marehemu katika riwaya na kuutupa ushahidi wa wafiwa hafanyi tofauti na hao.

Mafunzo ya fasihi simulizi katika vyuo yamezoea kugawanya hadithi katika ngano, visasili, visakale na mighani. Masimulizi ya mtu mmoja aliyejiwa na mamake juma lililopita hayaingii vizuri katika fungu lolote kati ya hayo, na kwa hiyo mwanafunzi anayeyasikia nyumbani huyaacha nyumbani. Yafaa yakusanywe kwa idhini ya wasimulizi, na yaandikwe kwa maneno yao hasa, bila kugeuza ‘nilijiwa’ kuwa ‘niliota’ wala ‘nilisikia’ kuwa ‘nilidhani’. Tena yaandikwe pamoja na jambo ambalo mara nyingi huachwa nje ya daftari: mfiwa alifanya nini kulipokucha, alisomesha hitima, alilipa deni la marehemu, au alikwenda kupatana na ndugu yake. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba masimulizi haya yana mwisho wake, na kwamba mwisho huo mara nyingi ni tendo analofanyiwa mtu aliye hai.